TAHADHARI: Wapambaji na ma-MC wa Dar, kuna mtu anauza barafu ya samaki kwa jina la barafu kavu

Wapendwa, msimu wa harusi umeshika kasi na kila bibi harusi anataka acheze juu ya mawingu, yaani ule moshi mweupe wa barafu kavu unaotanda sakafuni. Sasa kuna jamaa yuko Instagram anauza barafu kavu kwa kilo, bei chee, "tunaleta mpaka ukumbini". Akishaliza watu anabadilisha jina la akaunti, kwa hiyo hata nikimtaja leo kesho halitawasaidia. Shikeni mtindo wake.

Kwanza anataka hela yote kabla ya mzigo, kwa namba ya simu ambayo jina linalotokea halihusiani kabisa na la biashara yake. Halafu mzigo unakuja kweli, na hapo ndipo watu wanapoingia mkenge. Bodaboda anashusha boksi limezungushiwa selotepu kote. Ukilifungua, moshi mweupe unafuka, roho inatulia, unamruhusu aondoke. Vipande vya juu ni barafu kavu halisi. Chini yake ni barafu ya maji iliyopondwa, ile ile wanayohifadhia samaki pale Feri, soko la samaki la Dar.

Dada mmoja tunayefanya naye kazi alimimina hivyo vya chini kwenye maji ya moto ya mashine ya moshi wakati maharusi wanaitwa kufungua muziki. Maji yakapoa, moshi hakuna, MC akabaki anaomba makofi kuvuta muda. Kumpigia muuzaji, anajibiwa: "Dada, imeyeyuka njiani, si unalijua joto la Dar."

Uongo mtupu. Barafu kavu ni hewa ukaa iliyogandishwa, nyuzi 78.5 chini ya sifuri, na haigeuki maji. Inapotelea hewani moja kwa moja. Boksi likiwa limetota, ujue umeuziwa maji. Wala msiuamini moshi peke yake: barafu ya kawaida ikilala chini ya barafu kavu inapoa kupita kiasi, na kwa unyevu wa hewa yetu nayo inafuka kidogo. Chukua kipande cha chini kabisa, kwa koleo au glavu nene kwa sababu kinaunguza ngozi, ukitie kwenye glasi ya maji. Halisi inazama, inatokota na kumwaga moshi mzito unaoshukia mezani. Ya Feri inaelea kimya kama mgeni rasmi anayesubiri soda. Fanya hivyo bodaboda akiwa bado amesimama hapo.

Jamaa pia anawashawishi watu wachukue mzigo Alhamisi, "weka friza, Jumamosi utaikuta". Friza ya nyumbani inafika kama nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa barafu kavu hilo bado ni joto. Hata ndani ya deli zuri, kilo 2 hadi 5 zinaweza kupotea kwa siku. Chukueni siku ile ile ya shughuli.

Kilichonikera kuliko hela ni ile selotepu. Hewa ile lazima ipate pa kutokea. Ukiiziba kwenye chupa au chombo chenye kifuniko cha kukaza, kinapasuka. Ukiibeba kwenye gari lenye vioo vimefungwa unavuta hewa ukaa wewe na abiria wako, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama chini, usawa wa watoto. Moscow, Februari 2020, watu 3 walifariki kwenye sherehe baada ya barafu kavu kumwagwa kwenye bwawa la kuogelea la ndani. Kwa hiyo ukumbi ufunguliwe madirisha, na watoto wasilale kwenye hayo mawingu kupiga picha.

Mnaotafuta pa kununua, anzieni kwa makampuni ya gesi yenye ofisi na risiti. TOL, kwa mfano, wanavuna hewa ukaa Rungwe kule Mbeya. Wapigieni muulize kama wana barafu kavu na kiwango cha chini wanachouza. Bei itakuwa juu ya ile ya Instagram, lakini mtapimiwa kwenye mzani mkiona.

Na kama umeshamlipa jamaa kwa ajili ya Jumamosi hii, piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe, kisha itume ile namba uliyomlipia kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Ukisubiri mpaka mzigo ufike, hela itakuwa imeshatolewa.