Usajili wa Ng'ombe Kenya Stud Book: Huduma Nzuri, Ila Daftari la Zizini Litangulie

Kwa mfugaji anayeuza mitamba, huduma hii tunaipendekeza bila kusita. Kenya Stud Book imekuwa ikiandika koo za mifugo tangu 1920, na siku hizi iko chini ya KLBO (Kenya Livestock Breeders Organization), shirika la wafugaji wa mifugo ya koo. Uzuri wake mkubwa ni kutomfungia mlango mwenye ng'ombe ambaye wazazi wake hawajulikani. Akiwa na umbo linalolingana na aina fulani ya ng'ombe, kama Friesian, huingia ngazi ya kwanza, faundesheni. Kila kizazi kikipandishwa kwa mbegu ya dume lililosajiliwa, binti yake huwa intamidieti, mjukuu apendiksi, kitukuu pedigrii, yaani ngazi ya juu kabisa. Mitamba ikizaa ikiwa na miezi 27 hadi 30, tena ukabahatika kupata jike kila mara, kazi hiyo huchukua karibu miaka 6.

Udhaifu uko hapa: cheti hufuata ulichoandika wewe, kwa hiyo makosa yako hurithiwa na vizazi vyote. Linalovuruga zaidi ni ng'ombe kuhimilishwa (kupandishwa kwa mrija), kuonekana tena na joto siku ya 21, kisha kupewa mbegu ya dume jingine. Mfugaji huandika dume la pili na kulisahau la kwanza. Andika tarehe zote mbili kwenye daftari la zizini. Mimba ni siku 280 hivi. Ndama aliyekomaa vizuri akizaliwa siku ya 259 tangu uhimilishaji wa pili, baba yake karibu hakika ni yule wa kwanza. Mrija mtupu wa mbegu usitupwe: ubandike kwa selotepu kando ya tarehe, maana namba ya dume imechapwa juu yake.

Hereni ivikwe kabla ndama hajachanganywa na wenzake, katikati ya sikio, mbali na mishipa mikubwa. Hereni hung'oka kwenye waya na vichaka, kwa hiyo weka masikio yote mawili, na kwa Friesian chora mabaka ya kila ubavu. Hayo hayabadiliki maisha yote. Jike aliyezaliwa pacha na dume usimlipie usajili mapema, kwani zaidi ya 90% yao ni tasa.

Faida nyingine ni kuepuka kumpandisha binti kwa baba yake, ambako ndama hupata kiwango cha 25% cha uzao wa damu moja (kuzaliana kwa ndugu). Ila ukoo pekee hauonyeshi maziwa. Mnunuzi makini atauliza lita za siku 305, yaani maziwa yote ya msimu mmoja wa kukamuliwa, kwa hiyo pima maziwa ya asubuhi na jioni angalau mara moja kwa mwezi, na uyaandike kwenye ukurasa wa ng'ombe huyohuyo.