Kipima unyevu cha kuchomeka kwenye udongo: kilivyonionyesha kwa nini yasmini ya kwenye chungu inanyauka

Kipima unyevu ninachokizungumzia ni kile cha kawaida kabisa: kijiti cha chuma kama sentimita 20, juu kina kisahani chenye mshale na namba 1 hadi 10. Nyekundu ni pakavu, kijani ni wastani, buluu ni paliponyeshwa sana. Hakitumii betri. Nilikinunua kwa ajili ya mmea mmoja tu, na kwa kazi hiyo nakipa nyota nne kati ya tano.

Mmea wenyewe ni ule unaotambaa ambao wengi huuita yasmini kwa sababu ya maua yake meupe yanayonukia, ingawa si yasmini halisi. Kitaalamu ni Trachelospermum jasminoides, na ukikata tawi lake hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Haupukutishi majani, unabaki wa kijani mwaka mzima, na hapo ndipo ugumu wa kuutambua ukiumwa ulipo. Majani yake ni magumu na yanang'aa, hayalegei haraka. Ukiona yamelegea, ujue shida ilianza zamani huko chini.

Wangu ulianza kwa vichomozi vya juu kuinamisha vichwa, kisha majani ya chini yakawa ya njano. Udongo wa juu ulikuwa mkavu, unavurugika kwa kidole. Kwa macho tu ungesema ni kiu. Lakini kunyauka maana yake ni kwamba maji hayafiki kwenye majani, basi. Huenda maji hayapo, au yapo tele na mizizi imeshindwa kuyavuta. Mizizi nayo inahitaji hewa. Maji yakituama, hewa inasukumwa nje ya udongo, mizizi inakosa pumzi, kisha vimelea vya kuozesha mizizi kama Phytophthora na Pythium vinaingia, maana mbegu zao huogelea kwenye maji. Mwisho wa yote mmea unanyauka ukiwa umesimama ndani ya maji. Ukiuongezea maji hapo, unaumaliza.

Nilichomeka kipima kwa vituo. Kina cha kidole: mshale ukasimama kwenye 2. Katikati ya chungu: 5. Karibu na kitako: ukaenda hadi mwisho wa buluu na kutulia huko. Nikapima upande wa pili, kisha karibu na shina, hali ni ileile. Hicho ndicho ninachokisifia kifaa hiki. Kidole kinaishia juu, na kwenye chungu kirefu, hali ya juu haikuambii chochote kuhusu ya chini.

Nikalaza chungu na kuutoa mmea na udongo wake. Harufu ilitangulia, ile ya mtaro uliolala. Shimo la kutolea maji lilikuwa limezibwa na mizizi iliyojisokota pamoja na tope laini. Mizizi ya juu ilikuwa myeupe inayoelekea maziwa, imara ukiibonyeza. Ya chini ilikuwa ya kahawia, na nilipoivuta taratibu kwa vidole viwili ganda lake lilichomoka lote likabaki jiuzi jembamba. Ukiona ganda linachomoka hivyo, mzizi huo umeshakufa, usiuhurumie. Nilikata yote iliyooza kwa mkasi safi, nikapunguza na matawi ili mizizi iliyobaki isilemewe, nikazibua shimo na kuupanda upya kwenye udongo mwepesi uliochanganywa na vipande vya magome. Sikuweka kokoto chini. Zinapunguza tu nafasi ya udongo, na maji hutuama palepale juu yake. Mbolea pia niliiacha hadi machipukizi mapya yatokeze. Baadhi ya matawi yalikufa. Mengine niliyakwaruza gome kwa ukucha, nikaona kijani chini yake, nikayaacha, na yamechipua vizuri.

Sasa kasoro zake, na moja ni kubwa. Kifaa hiki hakipimi maji, kinapima umeme. Kijiti kina metali mbili tofauti zilizotenganishwa, na udongo mbichi unapozigusa hutokea mkondo mdogo wa umeme unaosukuma mshale. Kwa hiyo chumvi inakidanganya. Nilikijaribu kwenye glasi ya maji yaliyochujwa kwa mvuke na mshale haukusogea sana; nikatia chumvi kidogo ya jikoni, ukaruka hadi mwisho. Maji ni yaleyale! Chungu kilicholishwa mbolea ya chumvichumvi kwa muda mrefu kinaweza kuonyesha unyevu mwingi kuliko ule uliopo kweli. Na kwenye mchanganyiko wenye magome mengi hutokea kinyume: kijiti kikiangukia kwenye uwazi wa hewa, kinasoma pakavu wakati pembeni pamelowa. Ndiyo maana nasisitiza kupima sehemu kadhaa, kisha kulinganisha na kijiti cha mbao kilichoachwa kidogo kwenye udongo, na kuinua chungu kusikia uzito wake. Vitatu hivi vikikubaliana, amini.

Karatasi ya maelekezo ni dhaifu. Ina jedwali refu la mimea na namba ya kila mmoja, lakini haisemi namba hiyo isomwe kwenye kina gani, na bila kina namba hiyo haina kazi. Kuna pia swichi ya kupima pH, yaani kiwango cha tindikali ya udongo. Sikuona mshale ukibadilika kati ya udongo tofauti kabisa, kwa hiyo siitumii. Kijiti kisiachwe kwenye udongo, kitaliwa na kutu. Kipanguse kila ukimaliza. Udongo ukiwa mgumu, toboa kwanza kwa kijiti cha mbao, vinginevyo chuma kitapinda.

Kuna jambo jingine kimenisaidia kwenye vyungu vingine. Udongo wenye mboji nyingi ukikauka kupita kiasi unayakataa maji: unamwagilia, yanateremka pembeni na kutoka chini, unadhani mmea umeshiba. Pima katikati baada ya kumwagilia. Mshale ukibaki kwenye nyekundu, tumbukiza chungu kizima kwenye beseni la maji hadi viputo vikome.

Kama mmea wako unalegea jua la mchana likiwa kali na jioni unasimama tena, hauhitaji kifaa, unahitaji kivuli kidogo. Kama unyevu uko sawa juu hadi chini na bado unanyauka, kipima hakitakusaidia zaidi. Utoe mmea uangalie mizizi, huenda kuna viwavi wa mbawakavu wanaoitafuna. Na kama chungu chako ni kidogo cha kuinua kwa mkono mmoja, usinunue. Uzito wake utakutosha.