Mita ya kuchomeka kwenye soketi: nimeipima na hesabu yake yakubali

Wenzangu mnaolia na tokeni za stima kila wiki, kuna hii mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi nataka niwaambie. Upande mmoja ina plagi ya miguu mitatu hizi hizi tunazotumia huku, upande wa pili wachomeka chombo chako, halafu kwenye kioo yakuonyesha volti, ampea, wati na yuniti zilizoliwa. Yangu nimeinunua duka la vifaa vya stima upande wa Mwembe Tayari hapa Mombasa, elfu moja na mia tano baada ya kupatana, na mi nasema pesa yake imerudi, ila yamfaa mtu aliye tayari kuzidisha na kugawanya kidogo, ukiangalia namba tu bila kuzifanyia kazi hutaona faida yake.

Birika la stima ndo chombo kizuri cha kuijaribia kwa sababu ndani ni koili tupu, hakuna mota hakuna nini. Langu limeandikwa chini 2000W, 240V. Nikajaza maji nikawasha, mita ikasoma volti 236, ampea 8.1, wati 1910. Wati ni volti mara ampea, na 236 mara 8.1 yaja 1911 na kitu, hapo ndo nikaiamini. Ukinzani wa koili, yaani vile inavyouzuia mkondo, waupata kwa kugawanya, 236 kwa 8.1, omu 29 na kidogo. Sasa hiyo omu 29 iandike mahali maana ndo yenye kazi, koili yenyewe haibadiliki sana, zinazocheza ni volti. Jioni mtaa mzima umewasha mafeni na pasi na majiko, stima ikishuka mpaka 210, ampea ni 210 gawa kwa 29, ukizidisha tena kwa volti 210 ni sawa na kuchukua 210 mara 210 ugawe kwa 29, wapata wati 1520. Volti zimepungua asilimia 11 lakini nguvu imepungua asilimia 20, na ndo maana maji yanachelewa kuchemka usiku, birika halijaharibika jamani, msilitupe wala msimlipe fundi alifungue. Na yuniti haziongezeki kwa kiasi cha kutisha, maji ni yale yale yataka joto lile lile, yanachukua muda zaidi tu.

Lakini kilichonifanya niandike hapa ni waya wa ekstensheni. Birika likiwa mwisho wa ile ekstensheni nyeupe nyembamba za bei ya chini, nikaiweka mita kule mwisho, ikasoma volti 228 na ampea 7.8. Ukutani ilikuwa 236, kwa hivyo volti 8 zimepotelea njiani. 8 gawa kwa 7.8, waya peke yake una ukinzani wa omu 1 hivi, yaonekana kitu kidogo, sasa zidisha volti 8 kwa ampea 7.8 uone, wati 62! Hiyo ni kama balbu ya wati 60 iliyofichwa ndani ya waya, inawaka joto bila mwanga, na wewe waya umeukunja nyuma ya kochi na mapazia yamegusa. Nikaugusa baada ya maji kuchemka, ulikuwa wa moto, na pale kwenye plagi ndo zaidi. Watu wa vyumba vya kupanga vyenye soketi moja tafadhali, birika na pasi chomekeni ukutani moja kwa moja, ekstensheni iacheni ya tivii na chaji za simu.

Ukija kwenye feni usishtuke. Feni langu yasoma volti 236 na ampea 0.26, ukizidisha wapata 61, lakini mita yaandika wati 52. Haijakosea. Mota mkondo wake haupandi na kushuka sawia na volti, unachelewa nyuma, kwa hivyo pana kitufe ukibonyeza yaja 0.85, yaani sehemu ya ile 61 inayotumika kweli, zidisha 61 kwa hiyo 0.85 zitatoka zile 52, na mita ya nyumbani inakula tokeni kwa zile 52. Tena kwa feni usigawanye volti kwa ampea ukasema ndo ukinzani wa waya wake, hesabu hiyo ni ya vitu vya koili, birika, pasi, balbu za zamani. Friji nayo iache usiku na mchana kamili usome yuniti, kwa joto la Mombasa kompresa haipumziki sana, na ukisoma wati mara moja tu hujapata picha yake.

Kasoro zipo. Kioo hakina taa, na soketi zetu nyingi ziko chini karibu na sakafu, utapiga magoti na tochi ya simu. Stima ikikatika yuniti zilizohesabiwa zinafutika zote, hili limeniudhi kweli kwa sababu huku stima kukatika si jambo la ajabu. Vitu vinavyokula kidogo sana haivioni, chaji isiyo na simu yasoma sifuri. Na mwisho wake ni ampea 13, yaani wati elfu tatu na mia moja hivi kwa volti 240. Ile heater ya bafu ya wati 5000 ni karibu ampea 21, ina waya wake na swichi yake, hapo mita hii haihusiki kabisa na asikushawishi mtu.

Ukienda kununua mwambie muuzaji aitoe kwenye pakiti achomeke pasi au birika hapo hapo dukani, wewe toa simu zidisha volti kwa ampea, ikipishana mbali na wati ilizoandika mrudishie. Zipo za bei ya chini zaidi zinazoonyesha wati na yuniti tu, volti hakuna ampea hakuna, hizo mi sizipendekezi, ekstensheni yako hutaipima nazo.