Mifuniko ya chemba yenye kufuli: ipi inunuliwe, ipi iachwe dukani

Kwa barabara inayopitisha malori, nunua mfuniko wa chuma daktaili (chuma cha kumimina kinachopinda kidogo kabla ya kuvunjika) wenye bawaba na ulimi wa springi. Kwa uani, maegesho ya magari madogo na njia za waenda kwa miguu, nunua wa kompoziti (resini yenye nyuzi za kioo) wenye kufuli la robo mzunguko. Ule wa kukazwa kwa bolti nne uache, isipokuwa kwa chemba ambayo hufunguliwa mara chache mno na yenye mtu maalumu wa kuifungua. Na mfuniko wa zege wenye ndoano mbili za nondo, ambao mafundi wengi bado wanaumimina palepale kazini, hauna nafasi katika mjadala wa kufuli kabisa.

Kabla ya bei, kuna swali ambalo muuzaji hatakuuliza: unamfungia nani? Mwizi wa skrepa hana haja na shimo. Anataka kilo za chuma. Mtoto anataka kuchungulia. Gurudumu la lori halitaki chochote, ila likikanyaga ukingo wa mfuniko uliolegea huurusha. Wa mwisho ni yule anayetaka kuingia: mwizi wa nyaya, mtu anayejiunganishia maji, au mzururaji wa mahandaki mwenye tochi kichwani. Wanunuzi wengi hulipia kufuli la kumzuia huyu wa mwisho ilhali anayewatia hasara ni yule wa kwanza. Na mwizi wa skrepa hahangaiki na kufuli. Fremu ikiwa haikushikwa vizuri na zege, anaondoka nayo yote, kufuli likiwa bado limefungwa.

Nchini Kenya mambo yalifika mbali. Baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kuingia gizani tarehe 11 Januari 2022, serikali ilisimamisha biashara ya chuma chakavu mwezi huohuo, na zuio lile likadumu miezi michache. Sheria ya kusimamia biashara hiyo ilikuwapo tangu 2015. Kwa hiyo usitegemee sheria ikulindie mfuniko. Kinachomkatisha tamaa mwizi wa skrepa ni kitu kisichonunuliwa kwenye mizani yake.

Hapo ndipo kompoziti inapopata alama zake. Ni resini iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, haina soko la skrepa, haishiki kutu, na ni nyepesi kuliko chuma kiasi kwamba mtu mmoja anaufungua bila kuumia mgongo. Wepesi huohuo ndio unaoilazimu kuwa na kufuli: mvua kubwa za masika zikijaza bomba, maji yanausukuma kutoka chini na mfuniko usiofungwa unang'oka. Kufuli lake la kawaida ni ulimi mfupi unaozungushwa robo mzunguko kwa ufunguo wenye umbo lake na kuingia chini ya mdomo wa fremu. Kagua ulimi huo kabla ya kulipa. Wa stenlesi unadumu. Wa nailoni unavunjika mara mtu akiingiza mtaimbo upande wa pili akidhani kufuli limefunguliwa, na hilo hutokea sana kwa sababu mifuniko mingi haina alama ya kuonyesha imefungwa au imefunguliwa.

Ugonjwa mwingine wa kompoziti unaletwa na fundi mwashi. Fremu ina kijishimo ambamo ulimi unaingia. Fundi akimwaga zege bila kukiziba kwa kipande cha povu au tambara, zege linakijaza na kufuli halitafunga tena maisha yake yote. Wengi hugundua siku ya makabidhiano, wanalazimisha ufunguo hadi pini ya ulimi inakatika, kisha wanalaumu kiwanda. Baada ya hapo adui ni mchanga unaoingia kwenye tundu la ufunguo. Mfuniko mzuri unakuja na kizibo cha raba. Kizibo kikipotea, pachika kingine, maana tundu lililojaa mchanga uliokauka humchukua mtu muda mrefu kulichokonoa kwa bisibisi.

Chuma daktaili ni hadithi nyingine. Ni chuma cha kumimina ambacho kaboni yake imejikusanya katika vijidonge badala ya vipande bapa, kwa hiyo kinapinda kidogo kabla ya kuvunjika, wakati chuma cha kumimina cha kizamani hupasuka ghafla. Sifa hiyo ndiyo inayowezesha ulimi wa springi: mkono mwembamba uliomiminwa pamoja na mfuniko wenyewe, unaojibana kwenye fremu mfuniko ukishuka na kuachia ukiinuliwa kwa mtaimbo au ufunguo maalumu. Hakuna bolti ya kupotea, hakuna kipande cha kubadilisha, na unajifunga wenyewe hata fundi akiwa na haraka ya kwenda nyumbani. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuupendelea. Kufuli nyingi za chemba hazishindwi na mwizi, zinashindwa na mtu wa matengenezo ambaye alifungua mara ya kwanza na hakufunga tena.

Lakini ulimi wa springi si ulinzi dhidi ya mtu aliyedhamiria. Uliwekwa ili mfuniko usirukeruke chini ya magurudumu. Kiwango cha Ulaya cha EN 124, ambacho toleo lake la 2015 lina sehemu sita, kinataka mfuniko ushikiliwe ndani ya fremu kwa mojawapo ya njia hizi: kifaa cha kufungia, uzito wa kutosha kwa ukubwa wa eneo lake, au umbo maalumu. Kwa kiwango hicho, kufuli na uzito vinafanya kazi ileile. Kwa hiyo ukisoma kwenye karatasi ya muuzaji kwamba mfuniko “una kifungio kwa mujibu wa EN 124”, ujue umeahidiwa usalama wa gari, hujaahidiwa chochote kuhusu mwizi.

Daraja za kiwango hicho ni A15, B125, C250, D400, E600 na F900, na namba ni kilonyutoni za jaribio. Kilonyutoni 10 ni karibu tani moja, hivyo D400 imejaribiwa kwa mzigo wa tani 40 hivi. Hiyo haimaanishi kwamba lori la tani 40 ndilo kikomo chake. Ni mzigo wa jaribio kwenye mfuniko mmoja, na ndani yake kuna akiba ya kubeba mshindo wa magurudumu. Njia ya miguu peke yake inatosheka na A15, maegesho ya magari madogo B125, barabara ya magari D400. C250 ni ya pembeni mwa barabara, kwenye mfereji wa ukingo, wala si daraja la “katikati ya barabara lakini kwa bei nafuu” kama inavyouzwa. Bandari na viwanja vya ndege ndiyo makao ya E600 na F900.

Alama lazima ziwe zimemiminwa kwenye chuma chenyewe: EN 124, daraja, na jina au nembo ya kiwanda. Zikiwa zimeandikwa kwa rangi au kwa stika, acha. Kwa chemba ya mtu kuingia, uwazi usipungue milimita 600.

Sasa hizo bolti. Kwenye karatasi zinavutia: bolti nne za M12 au M16 (unene wa milimita 12 au 16), kichwa cha alenki (tundu la pembe sita) au cha pembe tano, mfuniko umekazwa hauendi popote. Zikiwa mpya, kweli hauendi. Tatizo ni bolti ya stenlesi ndani ya tundu la meno la stenlesi: meno yakisuguana bila grisi yanang'ang'aniana na kuwa kitu kimoja, na aliyekaza kwa mashine amemaliza kazi. Bolti ya chuma cha kawaida nayo inaliwa na kutu, hasa juu ya maji taka ambako hewa yenye salfa inapanda muda wote. Kisha mchanga unajaza kichwa cha alenki, ufunguo hauingii hadi mwisho, kona zinalika, na fundi analeta grainda. Bolti ya kwanza ikikatwa, hakuna anayeirudisha. Ukipita mtaani ukaona mfuniko wa bolti nne wenye bolti moja, umeshaona historia yake yote.

Ukilazimika kuzitumia, kwa mfano pale maji yanaposukuma kwa nguvu kutoka chini, agiza stenlesi ya aina ya A4, ambayo inavumilia chumvi ya pwani kuliko aina ya A2. Paka grisi ya shaba au nikeli kwenye meno, kaza kwa spana ya mkono, weka vizibo vya plastiki juu ya vichwa. Na kagua fremu: tundu la bolti liwe limetoboka hadi chini ili mchanga udondoke. Tundu lenye kitako linageuka kikombe cha matope.

Zege tulilitaja kwa kejeli, basi tulitendee haki kwa hesabu. Mfuniko wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 600 na unene wa milimita 100 una uzito wa kilo 68 hivi. Kwa mtoto hiyo ni kufuli tosha. Kwa wanaume wawili wenye nondo si chochote, na kila unapoinuliwa ukingo unamegeka, hadi siku unapotumbukia.

Mlango wa chuma wa sakafuni, ule wa bapa moja au mawili unaofunika vyumba vya pampu, valvu na nyaya, ndiyo bidhaa pekee hapa inayoweza kudai inamzuia mtu aliyekuja na zana. Uingereza wanaipima kwa kiwango cha LPS 1175: herufi inaonyesha kundi la zana za mshambuliaji, namba inaonyesha dakika ambazo mlango ulistahimili. C5 ni zana za kundi C kwa dakika 5. D10 ni kundi zito zaidi kwa dakika 10. Ni kipimo chenye uaminifu, kwa kuwa kinakiri kwamba kila mlango hufunguka na kinachouzwa ni muda. Mlango wa dakika 5 mahali ambapo mlinzi anafika baada ya nusu saa ni pesa iliyotupwa.

Kwa milango hii, kufuli liwe ndani ya kisanduku cha chuma kinachoficha pingu yake, si linaning'inia juu ya kitasa. Bawaba ziwe upande wa ndani. Kisanduku kiwe na tundu la kutolea maji chini, vinginevyo kufuli linaoga kila mvua. Ufunguo wa umbo la T, wa pembe tatu au wa pembe tano usiuhesabu kama ulinzi, kwani umbo ni moja kwa mifuniko maelfu. Ni kifaa cha kazi tu kama spana.

Wanaouza wazo la kuchomelea mfuniko moja kwa moja hupenda kutoa mfano wa Paris. Chini ya mji ule kuna machimbo ya mawe ya kale yanayosimamiwa na ofisi ya Inspection générale des carrières, iliyoanzishwa 1777, na amri ya tarehe 2 Novemba 1955 inakataza kuzunguka humo bila kibali. Mifuniko imechomelewa, viingilio vimezibwa kwa zege, na bado wazururaji wanaingia. Mtandao wenye milango mingi haufungwi kwa kufunga mlango mmoja. Tena kuchomelea chuma cha kumimina ni kazi mbovu: kaboni nyingi hufanya sehemu iliyopata moto iwe ngumu na dhaifu, na mshono unapasuka. Baya zaidi ni siku ya dharura, bomba limeziba na fundi anatafuta gesi ya kukatia juu ya shimo linaloweza kuwa na methani, gesi inayolipuka.

Gesi ndiyo hasa inayopaswa kumzuia mzururaji. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 hakuna kuingia. Salfidi hidrojeni inanuka yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikifikia sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi na mtu anadhani hewa imesafika. Kwa hiyo chumba chochote ambacho mtu hufanya kazi ndani kiwe na mlango unaofunguka kutoka ndani bila ufunguo, na kufuli lililofunguliwa liondoke na fundi mfukoni, lisiachwe kwenye pete ambako mpita njia anaweza kulifunga fundi akiwa ndani. Mlango usio na kitasa cha ndani tunaukataa hata ukiwa na daraja la juu kiasi gani.

Ufungaji unaharibu bidhaa nyingi kuliko kiwanda. Fremu ilazwe kwenye saruji na mchanga kwa unene wa sentimita 2 hadi 3, iguse chini pande zote. Kuiegemeza kwa vipande vya tofali kisha kupaka saruji pembeni ndiyo asili ya ule mlio wa “ka-tang” kila gari likipita, na mlio huo ni mfuniko unaojisaga kwenye fremu. Tumia pimamaji pande mbili. Bawaba ielekee magari yanakotoka, ili mfuniko uliosahaulika wazi ukigongwa ujifunge badala ya kung'olewa. Hakikisha pia una kizuizi cha kuushika ukiwa wima. Bila hicho, upepo wa lori linalopita unatosha kuushusha juu ya vidole vya mtu. Magari yasipite hadi saruji ikomae.

Kwa maeneo yanayofurika, ongeza wavu wa usalama chini ya mfuniko. Ni kitu kidogo, miji mingi ya China imeufunga, na siku mfuniko unapoibiwa au kusukumwa na maji ndio unaobaki kati ya mtu na shimo asiloliona chini ya maji ya kahawia.

Ukiagiza, agiza funguo tatu kwa kila aina: moja ya fundi, moja ofisini, moja imefungwa kabatini. Aina ikiwa moja kwa eneo zima, bora zaidi. Mzigo ukifika, usisaini kabla ya kuweka mfuniko mmoja kwenye fremu yake chini palipo sawa, kuukanyaga kona zote kusikiliza kama unacheza, kisha kufunga na kufungua kufuli mara kadhaa. Ukikwama ungali mpya na msafi, urudi dukani na gari lilelile lililouleta.