Crop Progress: ripoti ya Jumatatu ya mazao ya Marekani, na namna ya kusoma matoleo ya Juni

Kila Jumatatu, kuanzia Aprili hadi Novemba, ofisi ya takwimu ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, NASS, hutoa ripoti fupi iitwayo Crop Progress. Hutoka saa 10 jioni kwa saa za Washington. Katika miezi ya kiangazi chao, huku Afrika Mashariki ni saa 5 usiku. Jumatatu ikiwa sikukuu ya taifa, hutoka Jumanne. Ni bure na haidai usajili. Soko la nafaka la Chicago huwa limeshafunga biashara ya mchana na hufunguliwa tena saa 9 usiku kwa saa zetu, kwa hiyo mnunuzi wa mahindi ya njano, mashudu ya soya au ngano ana saa nne za kuisoma kabla bei haijasogea.

Kwa nidhamu ya ratiba na uwazi wa takwimu, ni huduma ya kuigwa. Kasoro yake ni kwamba matoleo ya Juni, yanayosubiriwa kwa hamu kuliko mengine, ndiyo yanayopotosha zaidi yakisomwa peke yake.

Ripoti ina mambo mawili. La kwanza ni hatua ya zao: asilimia iliyopandwa, iliyoota, iliyotoa ndevu, iliyovunwa. Sehemu hii haina utata mwingi. La pili ni hali ya zao, yenye madaraja matano: mbaya sana, mbaya, ya wastani, nzuri na bora. Takwimu hutoka kwa maafisa ugani na watumishi wengine wanaozunguka mashambani katika kaunti zao. Hawapimi kitu, wanatazama na kukadiria. "Nzuri" maana yake mavuno yanatarajiwa kuwa ya kawaida au zaidi, unyevu unatosha, na wadudu, magonjwa na magugu si tishio. "Ya wastani" maana yake kuna uwezekano wa kupoteza mavuno, ila kiasi bado hakijulikani. Mahindi hutazamwa katika majimbo 18, na wastani wa taifa hupatikana kwa kuzingatia ukubwa wa eneo lililolimwa, hivyo Iowa na Illinois huvuta sana ile namba moja inayotangazwa na kila chombo cha habari: jumla ya "nzuri" na "bora".

Namba hiyo iliwachanganya wengi mwaka 2023. Juni ilikuwa kavu katika ukanda wa mahindi, na kufikia tarehe 25 mahindi yaliyo katika hali nzuri au bora yalikuwa asilimia 50 tu. Katika Illinois ilikuwa karibu robo. Bei ikapanda. Kisha mvua za Julai zikaja kwa wakati wake, na mwaka ule ukafungwa kwa wastani wa busheli 177.3 kwa eka, rekodi ya taifa kwa wakati huo. Busheli moja ya mahindi ni kilo 25.4, kwa hiyo hayo ni takriban magunia 50 ya kilo 90 kwa eka. Illinois yenyewe, iliyoonekana imekwisha, ilipata busheli 206, sawa na magunia 58.

Mwaka 2010 ulikwenda kinyume chake. Juni mashamba yalikuwa ya kijani, zaidi ya asilimia 70 yakiwa mazuri au bora, na mwezi Agosti wizara bado ilikuwa ikitabiri busheli 165 kwa eka. Mavuno halisi hayakufika 153. Mvua nyingi za mwanzo na usiku wenye joto ulioendelea msimu mzima vilikula punje bila kuchafua rangi ya majani.

Sababu imo ndani ya mmea wenyewe. Katikati ya Juni, mahindi ya Iowa na Illinois bado yanajenga majani na mizizi. Ndevu hutoka karibu na katikati ya Julai. Ukavu wa wastani katika hatua hii hukunja majani mchana, shamba likaonekana limechoka, na afisa anayepita barabarani akashusha daraja. Lakini chini ya udongo mizizi inashuka kufuata unyevu, na mmea huo utakuwa na akiba ya kutumia Julai. Hatari kubwa huja wakati wa kutoa ndevu, ambapo shamba hutumia kama milimita 7 hadi 8 za maji kwa siku. Maji yakikosekana hapo, ndevu huchelewa kutoka, mbelewele zikamaliza kumwaga chavua kabla ndevu hazijawa tayari kuipokea, na bunzi likabaki na mapengo. Joto linalopita nyuzi 35 pamoja na hewa kavu hukausha ndevu zenyewe. Kwa kuwa chavua humwagwa zaidi asubuhi, siku yenye asubuhi ya ubaridi na mchana wa moto haina madhara makubwa kama siku iliyoanza kuwaka tangu jua linachomoza.

Mvua ya kupita kiasi ina udanganyifu wake. Mche wenye majani chini ya sita bado una kitovu cha ukuaji chini ya udongo. Maji yakituama na hali ikiwa ya ubaridi, unaweza kustahimili siku mbili hadi nne. Joto likipita nyuzi 25, oksijeni huisha haraka na mche unaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mashamba yanayopona huwa yamepoteza naitrojeni, iliyochujwa na maji kwenye udongo wa kichanga au iliyogeuka gesi kwenye udongo mzito ulioloa na kupata joto. Mizizi nayo hubaki juu juu kwa kuwa haikuwa na sababu ya kushuka. Shamba la namna hii hupata daraja "nzuri" mwezi Juni, kisha wiki mbili za jua kali la Julai humaliza unyevu wa juu na mmea hauna pa kufikia.

Hii haina maana Juni mbaya huponywa kila mara. Mwaka 2012 mahindi yalianza na asilimia 77 nzuri au bora tarehe 20 Mei. Kufikia Julai 1 yalikuwa 48, Julai 15 yalikuwa 31, na mapema Agosti 23. Ukame uliendelea mpaka ndani ya kipindi cha ndevu, na mavuno yakawa busheli 123 kwa eka, kama magunia 35. Tofauti ya 2012 na 2023 hukuiona katika namba ya Juni. Imo katika Julai.

Kwa hiyo usiridhike na jumla ya "nzuri na bora". Zidisha asilimia ya bora kwa 5, nzuri kwa 4, ya wastani kwa 3, mbaya kwa 2 na mbaya sana kwa 1. Jumlisha, kisha gawa kwa 100. Jimbo lenye 10, 50, 28, 9 na 3 hupata 3.55. Jimbo lenye 4, 56, 20, 12 na 8 hupata 3.36, ingawa yote mawili yatatangazwa kuwa na asilimia 60. Linganisha na wiki hiyohiyo ya miaka iliyopita, si wiki iliyotangulia tu, kwa sababu madaraja huelekea kushuka kadiri msimu unavyosonga hata katika mwaka mzuri.

Ripoti hiyohiyo ina jedwali la unyevu wa udongo wa juu na wa chini, ambalo wasomaji wengi hulipita. Ni kosa. Daraja likishuka huku unyevu wa chini ukiwa "wa kutosha" kwa sehemu kubwa ya jimbo, usikimbilie kununua. Vyote viwili vikishuka pamoja wiki tatu mfululizo na ndevu zinakaribia, hapo kuna jambo. Kamilisha picha kwa U.S. Drought Monitor, ramani ya ukame inayotolewa kila Alhamisi, na Weekly Weather and Crop Bulletin, ambalo lina ramani za mvua na viwango vya joto. Humo tafuta joto la chini la usiku, kwa kuwa usiku wenye joto hufupisha muda wa kujaza punje.

Joto linalosukuma ukuaji unaweza kulikokotoa mwenyewe: chukua joto la juu la siku (likipita 30 andika 30), jumlisha na la chini (likiwa pungufu ya 10 andika 10), gawa kwa mbili, toa 10. Siku ya nyuzi 34 na usiku wa 20 inatoa 15. Ukijumlisha hivyo tangu mahindi yalipoota utajua kama ndevu zitawahi au zitachelewa, na hivyo mvua ya wiki ipi ndiyo ya kuiangalia.

Mapungufu mengine ni madogo lakini yapo. Takwimu huishia Jumapili, kwa hiyo mvua ya Jumatatu asubuhi haimo. Hakuna daraja la kila kaunti, na jimbo kubwa huficha kaskazini iliyokauka nyuma ya kusini iliyoloa. Maelezo ya wiki yanayotolewa na ofisi za NASS za majimbo husaidia kidogo hapo.

Kwa ngano ya majira ya baridi ya Kansas na Oklahoma, Juni ni habari nyingine kabisa, kwa sababu ndio mwezi wa kuvuna. Joto kali la mwisho wa Mei limeshakondesha punje, na mvua juu ya ngano iliyokomaa hupunguza uzito wake na kuichipusha ikiwa bado shambani. Tazama asilimia iliyovunwa, na kama mvua inaichelewesha, ulizia ubora kabla ya bei.

Mfanyabiashara wa mahindi meupe ya unga, ripoti hii haimfai sana. Bei yake inaamuliwa na mvua za huku na mizigo ya Tanzania, Uganda na Zambia. Inamfaa zaidi mtengenezaji wa vyakula vya mifugo anayeagiza mashudu, naye asifunge bei ya msimu kwa daraja la soya la Juni: soya huendelea kutoa maua kwa wiki nyingi na mvua ya Agosti huiamulia mengi. Safu ya kufuatilia ni ya soya iliyofunga maganda, ikisomwa sambamba na unyevu wa udongo katika wiki mbili za kwanza za Agosti.