TAHADHARI: Kuna fundi wa AC hapa Mombasa atakuuzia kompresa yako mwenyewe

Wadau salaam. Naandika hii saa tano usiku na hasira bado hazijaniisha, mniwie radhi nikirefusha. Kama una gari ya zamani na AC inakusumbua na uko Mombasa, soma kwanza kabla hujampigia mtu simu.

Gari yangu ni Toyota 110 ya 1998, kuukuu ndio lakini inanibeba. Nakaa Likoni, kazi Kisiwani, kwa hivyo feri ni yangu asubuhi na jioni. Kuanzia Januari, na hili joto la kaskazi mnalijua, AC ikaanza ujinga mmoja. Nikiwa natembea inapiga baridi safi, nikifika foleni ya feri dakika kumi tu hewa inageuka vuguvugu, kama mtu anakupumulia usoni. Nikivuka nikishika barabara baridi inarudi. Hilo lishikeni kichwani, maanake jibu lote lilikuwa hapo na mie sikuliona.

Basi nikaona tangazo mtandaoni, "AC haipoi? Nakuja ulipo, gesi 1,500 tu", chini watu kibao wamemsifu, nkampigia. Akaja Alhamisi alasiri na pikipiki, kijana msafi, ovaroli ya buluu, mkoba wa spana na mtungi mmoja. Ana adabu huyo! Shikamoo kwa mama yangu, mie aniita mkubwa, soda kakataa eti amefunga sunna. Wallahi ukimwona unamwoza binti.

Kafungua boneti, kaniambia washa gari na AC uiache. Tukakaa pale juani kama robo saa, gari imesimama tu. Halafu kaniita, "mkubwa njoo uone". Ile klachi ya kompresa (kompresa ndiyo pampu inayosukuma gesi ya AC), ile sahani ya mbele inayojishika tak! ukiwasha AC, ikawa yashika, yakata, yashika, yakata. "Hii kompresa ishakufa mkubwa, yajivuta tu." Kisha kainama kanionesha maji yadondoka chini ya gari upande wa abiria, "na gesi yote hii yamwagika".

Jamani, gesi ya AC haidondoki kama maji. Ikivuja yaruka hewani, utakachobaki kuona labda ni doa la mafuta kwenye maungio ya paipu. Yale maji ni unyevu wa hewa unaogeuka maji kwenye evaporeta, ile sehemu inayopoza hewa huko nyuma ya dashibodi, na kushuka kwa mrija, na kwa hewa yetu hii ya pwani gari isipodondosha maji ndio uulize, maanake huenda mrija umeziba na siku moja utakuta kapeti limeloa. Nayajua haya leo. Siku ile nilitikisa kichwa tu kama mtu aliyeelewa.

La tatu ndio kali. Kaniambia gari za zamani zatumia gesi ya zamani, R12, adimu, bei yake si ile ya kwenye tangazo, ile 1,500 ni ya magari mapya. Uongo mtupu! R12 ndio ile iliyopigwa marufuku kwa sababu ya tabaka la ozoni, mkataba wa Montreal ulitiwa saini 1987 na nchi zetu zilipewa mpaka 2010 ziachane nayo. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 90 yatumia R134a, na kwangu kuna kibandiko chini ya boneti kimeandikwa hivyo hivyo, R134a, sentimita chache kutoka mkono wake. Hata zile nozeli za kujazia ni tofauti, za R12 zina uzi wa kufungia kama nati, za R134a unabana tu inashika klak. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo naangalia kile kibandiko bila kukisoma.

Hesabu yake ikawa hivi: kompresa eksi-Japani 16,000, gesi ya "zamani" 4,500, kazi 2,500. Jumla 23,000. Nkatuma zile 16,000 kwa M-Pesa akachukue kompresa. Akalegeza paipu, ikapiga pssssss ndefu, ndefu kweli, mpaka paka wa jirani akakimbia. Sasa niulizeni, gesi iliyokwisha kumwagika yote ilipiga mluzi kwa nini? Akaitoa kompresa yangu, kaifunga kwenye gunia kaondoka nayo, "nikalinganishe dukani zisije zikapishana mkubwa". Saa mbili baadaye karudi na kompresa nyeusi tii, imezungushiwa nailoni, yanuka rangi. Nkauliza ile yangu iko wapi. "Imebaki dukani kama badali, ndio maana nimeweza kukupunguzia." Nikamshukuru! Mie, kwa mdomo wangu, nikamwambia Mungu akuzidishie.

Kafunga, kajaza gesi kutoka ule mtungi wake usio na maandishi, geji ya presha hakuunga hata moja, alikuwa ashika paipu kwa mkono kama mama anayempima mtoto homa. Kisha akaomba mpira wa maji akaimwagia kondensa pale mbele, "natoa chumvi ya bahari". Jua lishatua, tukatoka na gari tukaelekea upande wa Dongo Kundu kwenye barabara tupu, baridi mpaka mama akaomba mtandio. Nkamalizia zile 7,000 zilizobaki.

Ijumaa asubuhi foleni ya feri. Dakika kumi. Vuguvugu. Na safari hii kuna harufu, kama meko iliyoachwa wazi. Nkampigia, mteja hapatikani. Mpaka leo hapatikani.

Rafiki akanipeleka kwa mzee mmoja upande wa Changamwe, zamani alikuwa akitengeneza mitambo ya kontena za baridi. Huyu hata boneti hakufungua kwanza.

"Ikitembea yapoa?"

"Yapoa mzee."

"Ikisimama?"

"Yaacha."

Kacheka. Katia maji kwenye ndoo, kaniambia washa, subiri ipate joto, kisha akaimwagia kondensa ile ndoo yote gari ikiwa imesimama pale pale. Dakika moja, baridi ya kuumiza meno. "Kompresa yako haina neno mwanangu. Tazama feni."

Sasa nieleze hili vizuri maanake ndilo lililoniliza. Kondensa ni ile kama redieta ndogo iliyotangulia mbele, kazi yake kutoa joto ambalo gesi imelibeba kutoka ndani ya gari. Yahitaji upepo. Ukitembea upepo wa barabara watosha, ukisimama upepo ni wa feni. Kwenye 110 yangu feni ni mbili, moja ya redieta na moja ya kondensa, na hii ya kondensa ilikuwa imekufa kimya kimya. Ile ya redieta yazunguka kwa hivyo injini haichemki, nami sina habari. Basi kwenye foleni joto halitoki, presha upande wa juu yapanda yapanda, ikifika psi 400 na kitu switchi ya usalama yakata klachi isije paipu ikapasuka. Presha ikishuka yashika tena. Kumbe kule kukata na kushika alikonionesha yule kijana ilikuwa kompresa nzima yenye afya yake yajilinda! Na yeye alijua, ndio maana alinisimamisha juani robo saa ili ikate, na ndio maana usiku alimwaga maji na kunipeleka barabara tupu ili isikate. Hajakosea huyo, ajua kazi vizuri sana.

Mzee kachomoa rilei ya feni, ile switchi ndogo ya umeme, kaibadilisha na nyingine ya aina ile ile humo humo ndani ya boksi, wapi. Kaiunga mota moja kwa moja na betri, kimya. Kaboni za ndani ya mota, zile zinazopitisha umeme, zimekwisha. Mota ya mtumba 2,800, kazi 1,000. Basi. 3,800 ndio ilikuwa dawa ya ugonjwa niliolipia 23,000.

Lakini kabla ya hapo ile harufu. Aliponusa tu akamfukuza kijana mmoja aliyekuwa na sigara, tukaisukuma gari mpaka uwanja wazi. Kasema hiyo ni gesi ya kupikia, imechanganywa au ndiyo yenyewe. Tatizo si kupoa, kupoa yapoa. Tatizo ni kwamba evaporeta iko nyuma ya dashibodi, ikivuja yavujia ndani mlimokaa vioo vimefungwa, siku mtu akiwasha kiberiti humo basi. Nikamfikiria mama pale kiti cha mbele. Mzee akanikumbusha pia zile kontena za baridi za 2011, zilizowekewa gesi bandia kule Vietnam, ikala aluminiamu ya ndani, zikalipuka na kuua watu waliokuwa wakizihudumia. Yeye tangu hapo mtungi usio na jina hausogelei.

Akaitoa ile gesi taratibu, kavuta hewa na unyevu kwa pampu kama dakika arubaini na tano (yule mwengine hakuvuta hata sekunde moja), kisha kajaza R134a kwa mizani, haikufika hata kilo. Hapo ndipo alipoinama kwenye ile kompresa "mpya" na kuikwaruza kwa ukucha.

"Hii umenunua lini?"

"Alhamisi."

"Mbona sikio lake la chini, hili la kufungia bolti, limekatika, na hapa kuna kutu ya miaka?"

Nikahisi tumbo lashuka. Mwaka jana tulipobadilisha belti nilipiga picha pale mbele ya injini nimtumie ndugu yangu, nkaitafuta kwenye simu. Sikio la chini limekatika. Namba za kwenye kibati, alizipaka rangi lakini ukifuta na petroli zasomeka, ni zile zile. Kompresa yangu. Imekwenda kupakwa rangi, imerudi kwa 16,000.

Nimeshapiga ripoti polisi, namba ya OB (kitabu chao cha matukio) ninayo, wenye yaliyowapata kama haya njooni inbox tupeleke pamoja maanake mmoja mmoja twachukuliwa mzaha. Na nyie wengine, akija mtu kutazama AC yako piga picha ya namba za kompresa yeye yupo anakuona. Kitu kikitolewa kibaki mkononi mwako, kisiende kulinganishwa popote. Asiye na geji mwambie ahsante. Gari ikiwa imezimwa na joto ni digrii 30, R134a iliyomo hukaa karibu psi 97, hiyo haikwambii iko kiasi gani, lakini ikisoma hivyo mtu asikwambie gesi imekwisha yote. Na kabla ya fundi yeyote, chukua ndoo ya maji, bure hiyo.

Yule kijana amebadilisha namba na jina. Jana tangazo jipya limepita, kuna picha ya kompresa nyeusi juu ya mkeka, imeandikwa "eksi-Japani, imebaki moja tu". Ikuzeni muitazame, sikio la chini limekatika. Hiyo hawezi kukuuzia kwa sababu iko kwenye gari yangu, nimeipaki hapa nje.