Vifaa vya ukungu kwa mvuvi wa kayaki: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Mara ya kwanza ukungu uliponikuta mshipi ukiwa majini, vifaa nilikuwa navyo tele. Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, skrini imelowa, naigusa haiitiki. Dira ndogo nilikuwa nimeifunga karibu na koleo la kung'olea ndoana, kwa hiyo ilinionyesha koleo lilipo, si kaskazini. Nilirudi kwa sababu upepo ulikuwa umelala na mawimbi madogo yalisikika yakipiga mwamba ulio karibu na nilipoondokea. Ingekuwa siku ya upepo, nisingesikia kitu.

Tangu hapo nimenunua, nimeuza, vingine nimevitupa. Mpangilio ulio hapa unajibu swali moja tu: ukiwa na fedha za kifaa kimoja, kipi kitangulie? Kipimo changu ni kikali kidogo. Kifaa lazima kifanye kazi kikiwa kimelowa, vidole vikiwa vimekufa ganzi na moyo ukienda mbio.

Kwanza tuelewe tunachopambana nacho. Wataalamu wa hali ya hewa huita ukungu pale mtu asipoweza kuona zaidi ya mita 1,000. Kwa kayaki, mita 1,000 bado ni nafasi ya kutosha. Shida ni pale zinapobaki 100. Boti inayokwenda kilometa 37 kwa saa inakula zaidi ya mita 10 kila sekunde, kwa hiyo ukiiona mita 100 mbele yako, una muda wa kuhesabu moja hadi tisa. Wewe kwa kasia unakwenda kama mita moja na nusu kwa sekunde, na hapo hujageuza omo, yaani ncha ya mbele. Huwezi kuikwepa. Unachoweza ni kujua ulipo, ili usiwe kwenye njia yake, na kusikika kabla haijafika. Kifaa kisichosaidia moja kati ya hayo mawili nimekishusha chini, hata kiwe kizuri namna gani.

1. Dira

Najua wengi watashangaa kuona dira imekaa juu ya GPS. Lakini dira haina betri, haina skrini, wala haisubiri setilaiti. Ndani ya ukungu mzito mtu hupoteza mwelekeo haraka mno. Hana jua, hana ufuko, hana chochote cha kulinganisha, na huzunguka huku akiapa kwamba anakwenda moja kwa moja.

Nunua dira ya kimiminika, ile ya kufungwa juu ya sitaha, yenye namba kubwa unazoweza kuzisoma ukiwa umekaa kwenye kiti chako bila kuinama. Ukiona kiputo cha hewa ndani yake dukani, irudishe mezani; kimiminika kimeanza kuvuja. Vile vidira vya kubandika saizi ya kifungo cha shati ni mapambo. Dira ya mkononi ya bapa, yenye kamba ya shingoni, ni akiba nzuri, ila usiitegemee peke yake: ukiishika, mkono mmoja umetoka kwenye kasia.

Mahali unapoifunga pana uzito kuliko chapa uliyonunua. Iweke mbele, mbali na koleo, kisu, spika ya redio na simu. Vifuniko vingi vya simu siku hizi vina sumaku, na sumaku ndogo inatosha kuipotosha. Kaa ndani ya kayaki ufukweni na vifaa vyako vyote kama unavyokwenda kuvua, soma mwelekeo, kisha mwombe mwenzako asimame mbali kidogo akiwa na dira nyingine, asome mwelekeo huohuo. Washa na mashine ya kuonyesha samaki uone kama sindano inasogea.

Halafu izoee. Kila unapoondoka, andika mwelekeo wa kurudi kwenye mkanda wa plasta juu ya sitaha, hata jua likiwa kali. Ukirudi ndani ya ukungu, usilenge pale ulipoondokea hasa. Lenga kando kidogo kwa makusudi, tuseme upande wa kushoto. Ukigusa ufuko, utajua bila kubahatisha kwamba mahali pako pako kulia. Aliyelenga katikati akakosa hajui ageukie wapi.

Dira ina udhaifu mmoja mkubwa: inaonyesha omo inakotazama, haionyeshi maji yanakokupeleka. Mkondo wa ubavuni wa kilometa 2 kwa saa utakusogeza kilometa nzima ndani ya nusu saa, na sindano isitikisike hata kidogo.

2. Kipenga, halafu honi

Kipenga kisicho na gololi ndani, kwa sababu gololi hukwama ikilowa. Kifunge kwenye jaketi okozi karibu na mdomo. Hakuna kitu cha bei ndogo kuliko hiki chenye faida kubwa kama hii.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 wa kuzuia migongano baharini haukilazimishi chombo chenye urefu chini ya mita 12 kutoa ishara za meli kubwa kwenye ukungu. Unakitaka kitoe sauti nyingine inayosikika vizuri, kwa vipindi visivyozidi dakika 2. Kayaki imo humo. Kipenga kinatimiza sharti kwenye karatasi, ila nahodha aliyekaa mbele ya injini inayonguruma huenda asikisikie. Ndiyo maana honi inafuata. Kati ya aina tatu za honi, napendelea ile ya kupuliza kwa mdomo, baragumu la plastiki. Ya pili ni ya kujazwa upepo kwa pampu ya baiskeli. Ya mwisho ni ile ya kopo la gesi. Inalia kuliko zote, lakini chumvi huila, na haikuambii imebakiza kiasi gani. Yangu ilitoa mlio mmoja wa nguvu, kisha ikakohoa, kisha kimya.

Ukishanunua sauti yako, jifunze kusikiliza za wenzako; hilo halina gharama. Mlio mmoja mrefu wa sekunde 4 hadi 6 ni chombo cha injini kinachotembea. Miwili mirefu ni chombo cha injini kilichosimama bila kutia nanga. Mmoja mrefu na mifupi miwili ni chombo kisichoweza kukupisha kwa urahisi, kama cha tanga au kinachovuta nyavu. Usiamini sana sikio kuhusu upande sauti inakotoka. Mwaka 1873 mwanasayansi John Tyndall alifanya majaribio ya honi za ukungu pale South Foreland, Uingereza, akaona kwamba ukungu wenyewe hauzuii sauti kama watu walivyodhani. Tabaka za hewa zenye joto na unyevu tofauti ndizo humeza mlio, hata siku ya anga safi. Kwa hiyo kimya si ushahidi kwamba hakuna meli.

3. Redio ya VHF ya mkononi

Simu humfikia mtu mmoja. VHF, redio ya mawasiliano ya baharini, huwafikia wote walio karibu wenye redio kama hiyo, pamoja na yule anayekuja kukugonga. Tofauti hiyo pekee inatosha kuipa redio nafasi ya tatu, na kama unavua karibu na mlango wa bandari, ningeipandisha hadi ya pili.

Tazama mambo haya dukani. Iwe inaelea. Iwe na kinga ya maji ya IPX7 au zaidi; IPX7 maana yake inahimili mita 1 ya maji kwa dakika 30. Iwe na DSC, yaani mfumo wa kutuma wito kidijitali, na GPS ndani yake, ili kitufe chekundu kilicho chini ya kifuniko kitume ombi la msaada pamoja na mahali ulipo kupitia chaneli 70, bila wewe kusema neno. Kitufe hicho hakifanyi kazi mpaka umeingiza MMSI, namba ya utambulisho ya redio yako yenye tarakimu 9, na nimeona redio nyingi zikitembea baharini bila hiyo namba, kana kwamba mtu amenunua kufuli akasahau ufunguo. Nguvu ya wati 5 au 6 inatosha. Kinachobana umbali ni kimo: antena yako iko karibu na maji, kwa hiyo mwenye kayaki mwingine atakusikia ndani ya maili chache tu, ingawa kituo chenye mnara kilimani kitakusikia ukiwa mbali zaidi. Nchi nyingi zinataka leseni ya redio. Uliza kabla ya kulipa.

Ivae kwenye jaketi. Redio iliyobaki ndani ya kayaki iliyopinduka ni ya kayaki, si yako. Sikiliza chaneli 16, ya dharura na ya kuitana, na kama bandari ina chaneli yake ya kuongozea meli, isikilize hiyo pia: utasikia nani anatoka na anapita upande gani, na mara nyingi habari hiyo ndiyo itakayokufanya usubiri dakika kumi kabla ya kuvuka.

4. GPS, na mashine ya samaki iliyo na ramani

GPS inajibu kile dira isichoweza: maji yanakupeleka wapi. Ya mkononi yenye vitufe ndiyo chaguo langu, kwa kuwa skrini ya kugusa hugombana na maji ya chumvi. Simu iwe akiba ndani ya mfuko. Kwa kifaa chochote, weka alama ya mahali unapoondokea kabla hujasukuma chombo majini. Ukisubiri ukungu ushuke ndipo uweke alama, umeweka alama ya mahali ulipopotelea.

Mwenye mashine ya samaki yenye ramani tayari ana chombo cha ukungu, ila pengine hajui. Fuata kina. Meli haiji kwenye mita 2 za maji, kwa hiyo kutembea ukishikilia mstari wa kina kidogo kunakuelekeza na kukuondoa njiani kwa wakati mmoja. Boti ndogo bado zinapita hapo, endelea kupuliza.

5. Taa

Taa nyeupe inayoonekana pande zote, juu ya mlingoti mfupi unaopita kichwa chako. Sheria zinamtaka mpiga makasia awe walau na tochi nyeupe tayari mkononi, aimulike mapema. Taa ya kichwani usiiwashe ndani ya ukungu, matone yatakurudishia mwanga machoni. Taa ya kumeta haraka iache kwa ajili ya kuomba msaada. Bendera haina kazi kubwa hapa. Ncha za kasia za rangi ya chungwa au manjano huonekana mapema kuliko bendera, kwa kuwa zinacheza juu na chini.

6. Kiakisi cha rada

Hiki, kifaa cha kurudisha mawimbi ya rada ili meli ikuone kwenye skrini yake, ndicho watu hukimbilia kwanza, na ndicho ninachokibishia zaidi. Kweli, kayaki ya plastiki karibu haionekani kwenye rada. Haifuati kwamba kiakisi chochote kitaionyesha.

Viakisi vya pembe, vile vya bamba za chuma zinazokutana kwa pembe mraba, hufuata hesabu katili: ukipunguza urefu wa upande kwa nusu, mwangwi wake hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo kile kidogo kinachokaa vizuri kwenye kayaki ndicho kisichoonekana. Viakisi vya bomba jembamba ni vibaya zaidi. Mwaka 2006 yoti Ouzo ilipotea karibu na Isle of Wight, kisiwa cha kusini mwa Uingereza, na mabaharia wake watatu wakafa, usiku, jirani na njia ya meli. Baada ya hapo wachunguzi wa ajali za majini wa Uingereza waliagiza majaribio ya viakisi vilivyokuwa sokoni, yakafanywa na kampuni ya utafiti ya QinetiQ. Ripoti ya mwaka 2007 ilisema kiakisi cha bomba cha inchi 4 kilifanya vibaya kiasi cha kutofaa. Bado kinauzwa kwa wapiga makasia.

Ukitaka kununua, nunua cha pande nane, kikubwa kadiri kayaki itakavyobeba, ukipandishe juu. Kitakamata upepo, na siku moja kitakamata ndoana yako. Kisha kumbuka kwamba boti nyingi ndogo hazina rada, na kwenye zile zenye rada huenda hakuna anayeitazama.

7. AIS na PLB

AIS ni mfumo wa vyombo kutangaziana kwa redio majina na mahali vilipo. Ile ya kutuma ya daraja B, ya vyombo vidogo, inakuonyesha kwenye skrini za meli kwa jina. Ni nzuri, ni ghali, inahitaji antena na betri, na haikuonyeshi kwa boti isiyokuwa na AIS. Programu ya simu inayoonyesha meli si mbadala. Inategemea mtandao na vituo vya pwani, na meli unayoiona hapo inaweza kuwa imeshapita.

PLB, kifaa kidogo cha mtu binafsi cha kuomba kuokolewa, hutuma kwa masafa ya 406 MHz kwenda kwenye setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa uokoaji, kwa saa 24 au zaidi. Katika orodha ya kuokolewa ningeiweka karibu na juu kabisa. Hapa tunazungumzia kutogongwa na kutopotea, na PLB huanza kazi baada ya hayo kushindikana. Ukinunua, isajili siku hiyohiyo.

Jaketi okozi na nguo za maji baridi sikuzipa namba. Bila hizo usisogee majini. Ukungu mwingi wa baharini hutokea hewa vuguvugu yenye unyevu ikipita juu ya maji baridi, kwa hiyo vaa kwa ajili ya maji yaliyo chini yako, hata kama hewa ni ya joto.

Ukiwa umenunua mbili za kwanza tu, tafuta siku ya anga safi na maji matulivu, mwenzako akufuate na chombo chake akulinde. Vuta kofia mpaka usione kitu zaidi ya sitaha, piga kasia dakika 20 ukifuata dira, kisha inua kichwa. Mimi niliibukia kama mita 300 kando ya nilipolenga. Mwenzangu akacheka, tukarudi ufukweni, nikaihamisha dira mbele kidogo na kulitoa koleo, tukaenda tena.